Kipande cha Mwisho cha Umio wa Simbilisi

Khalti Nejia, yaani Mama Mdogo Nejia kama tulivyomwita sote, alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na alipenda kusema kwamba bega lake la kulia lilizaliwa kabla yake. Kwa miaka thelathini na mmoja bega hilo lilikuwa limezungusha gurudumu la kisu kilekile, ndani ya kabati la baridi la maabara ya hospitali yetu, huku kusini mwa Tunisia. Kila mzunguko ulikata utando mmoja wa nyama, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Nyama yenyewe ilikuwa umio wa mnyama, ile njia ambayo chakula huipita kushuka tumboni. Mtaani walilijua hilo na hawakuacha kumtania. Mokhtar mwenye bucha alimwita "mwenzangu wa kazi", na kila ilipokaribia Idi Kubwa alimuuliza kwa sauti ya kusikika hadi msikitini kama mwaka huu atachinja mwenyewe au ataendelea kuhangaika na makoo tu.

"Wewe unauza kwa kilo," Khalti Nejia alimjibu bila kusimama. "Changu mimi hakishibishi hata sisimizi."

Mumewe alikuwa mchimbaji wa fosfati, na kifua kilimwondoa kabla hajafikia kustaafu. Wanawe wawili wako ng'ambo na hupiga simu Ijumaa baada ya swala. Mama yake alikuwa mfumaji wa mazulia, na kutoka kwake alirithi kikapu cha mabaki ya sufu ambacho alikileta kazini, kwa sababu wino wa kalamu hufutika kwenye baridi kali lakini uzi haufutiki. Kila kipande cha nyama kilichogandishwa alikifunga uzi wa rangi yake: mwekundu kwa tumbili, wa buluu kwa simbilisi, wa manjano kwa sungura. Mgeni akifungua friza yetu angedhani amefungua sanduku la mfumaji.

Kazi hiyo yote ilikuwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Katika vijiji vinavyotuzunguka, wasichana na wanawake vijana hupatwa na malengelenge mepesi kifuani, mgongoni na usoni, yanayopasuka na kuacha magamba kama ganda la mkate uliokauka. Madaktari huuita pemfigasi. Seli za ngozi hushikamana kwa gundi, na gundi hiyo ni protini. Damu ya mgonjwa huigeuka gundi ya mwili wake mwenyewe na kuishambulia, na ngozi hubanduka. Kumpima mgonjwa si lazima kumkata. Gundi ileile imo katika miili ya wanyama: katika ngozi, mdomo, ulimi na umio. Ukikata umio wa mnyama kwa wembamba wa kutosha, ukaudondoshea maji ya damu ya mgonjwa, kisha ukaupaka dawa yenye kung'aa, kingamwili zake, wale askari wa damu, zitakwenda kunasa pale gundi ilipo, na kwenye hadubini utaona nyavu za kijani, kila tundu la nyavu likiwa seli moja.

Hata hivyo gundi haikugawanywa sawa. Umio wa tumbili umejaa aina moja, ile ya tabaka za chini, ambayo ikishambuliwa kinywa hujaa vidonda. Aina wanayoishambulia wasichana wetu ni nyingine, nayo katika tumbili ni haba. Imejaa katika umio wa simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, na hasa katika tabaka za juu. Khalti Nejia alinifundisha haya siku yangu ya kwanza pale, kabla hajaniuliza jina langu.

Zamani hospitali ilifuga simbilisi uani. Mtunzaji wao alipostaafu hakuna aliyewekwa mahali pake, na vibanda vikabaki na majani makavu. Zikaanza kuja slaidi za tumbili kutoka ng'ambo, zimekwisha kukatwa, safi, kila moja ndani ya pakiti yake. Mwongozo mpya uliobandikwa ukutani ulisema: pima kwa tumbili, ukiona giza, andika hasi. Khalti Nejia aliusoma mara moja, kisha akachomoa kisu chake kukinoa. Katika friza kilikuwa kimebaki kipande kimoja chenye uzi wa buluu, kikubwa kama ncha ya kidole.

Mambo yalikuwa hivyo mwezi wa sita, wiki tatu kabla ya harusi ya Ishraf.

Ishraf alikuwa binti wa Hniya, na mlango wa Hniya ulitazamana na wa Khalti Nejia. Hniya alijifunza kufuma kwa mama yake Khalti Nejia, na wanawake hao wawili walikuwa wamepokezana sahani za chakula juu ya uchochoro ule kwa miaka isiyopungua thelathini. Majira ya baridi Ishraf alitokwa na magamba kifuani. Daktari Wassila, bingwa wetu wa ngozi, alimwona mwezi wa pili, akataka kumkata kipande kidogo cha ngozi ili apime kwa uhakika.

"Bibi harusi hakatwi," Hniya alisema, akamfunika binti yake na kumwondoa.

Hawakurudi tena mpaka mama wa bwana harusi aliposikia maneno hamamuni na kutuma ujumbe kwamba anataka karatasi ya hospitali. Hniya alikubali damu tu. Ishraf alikuwa amekwisha kuwekwa ndani kama mwali, haonekani na jua wala na watu, kwa hiyo aliletwa asubuhi na mapema akiwa amefunikwa shuka kutoka utosini hadi miguuni, na mkono mmoja tu ukatolewa nje kwa ajili ya sindano. Mimi ndiye niliyechukua damu hiyo. Khalti Nejia alikuwa ndani ya chumba cha baridi.

Jumanne tulipima kwa tumbili. Slaidi ya mgonjwa tuliyemjua iling'aa vizuri, dalili kwamba dawa zilikuwa nzima. Ya Ishraf ilikuwa giza.

"Niandike hasi?" nikauliza.

Alikaa na jicho kwenye hadubini kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. "Andika kesho kutwa," alisema. "Leo nimechoka."

Sikuwahi kumsikia akitoa uchovu kuwa sababu, ingawa uchovu ulikuwa umemkaa usoni tangu nimjue. Jioni hiyo Hniya alimngoja mlangoni akiwa na unga mikononi.

"Vipi?"

"Majibu hutoka kwa daktari, Hniya. Unajua."

"Najua, najua. Basi nikonyeze tu."

"Jicho langu likikonyeza mambo ya hospitali, nitakuwa sina kazi."

"Kazi gani hiyo ya kukufanya uwe na sura ya mtu aliyefiwa kila siku?" Hniya alicheka, akampa mkate wa moto ndani ya kitambaa. "Kesho njoo umwone mwali. Wanawake wote wanakuja. Usiniletee visingizio vya makoo."

Jumatano alasiri alikwenda. Aliniambia kesho yake, polepole, akikumbuka kila neno, na ninaandika kama alivyoniambia.

Chumba kilikuwa kimefungwa mapazia na kimejaa wanawake na moshi wa ubani. Ishraf alikuwa amekaa juu ya godoro, mikono ndani ya mikono mirefu ya joho la hariri, na uso wake ulikuwa mviringo na mwekundu hata Khalti Nejia alimtambua kwa sauti tu.

"Njoo, Nejia, uutazame mwezi wenyewe!" Hniya aliita.

"Mashallah, mashavu hayo!" alisema shangazi mmoja mnene. "Mkate umetoka tanuri sasa hivi. Mwezi wa tatu alikuwa kijiti cha kiberiti."

"Bwana harusi Lazhar itabidi anunue kitanda kipya," akadakia mwingine.

"Kitanda? Atabomoa mlango!"

Wakapiga vigelegele. Ishraf alicheka pamoja nao, akafunika mdomo kwa mkono wake.

"Mmemlisha nini?" Khalti Nejia aliuliza.

"Bsisa ya unga wa shayiri na mafuta, mayai, asali," Hniya alihesabu. "Na dua ya mama."

Khalti Nejia aliomba ampake mwali mafuta ya nywele, jambo ambalo jirani wa umri wake haliombi bure wala hakataliwi. Akakaa nyuma yake. Wengine walipoanza kubishana kuhusu wapiga ngoma, aliinama. Kwenye mashavu ya msichana palikuwa na manyoya laini yasiyokuwapo zamani. Shingoni nyuma palikuwa na kinundu cha mafuta. Mgongoni magamba yalikuwa yamekauka, yameacha madoa ya kahawia.

"Vidonge unakunywa vingapi, mwanangu?"

"Vidonge gani, Khalti?"

"Hivyo ambavyo mama yako hakuvitaja."

Ishraf alisema kwa sauti ya chini, "Viwili asubuhi, viwili jioni. Shangazi huvileta kutoka kwa muuza viungo. Ni vya kunenepesha tu. Mabibi harusi wote wanakunywa."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne."

"Na ngozi ilianza kupona lini?"

"Mwezi wa nne," Ishraf alijibu, na kichwa chake kikatulia chini ya chanuo.

"Utaviacha lini?"

"Siku ya kuoshwa, kabla ya harusi. Mama amesema siku hiyo basi, nisije nikapasua nguo." Halafu akamshika Khalti Nejia ukingo wa nguo. "Usimwambie mama kwamba nimekwambia."

Khalti Nejia hakumwahidi kitu. Alimaliza kumsuka mkia mmoja, akafunga, akaanza wa pili.

Alhamisi aliingia kazini kabla yangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake akiwa na koti jeupe ambalo hajalifunga vifungo, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa sawa na kuja bila viatu.

"Ulipomchukua damu Ishraf," aliniuliza, "mkono wake ulikuwaje?"

"Mwembamba, Khalti. Nilitumia mpira wa kufungia watoto."

"Uso wake ni wa mtu wa kilo tisini." Akanieleza aliyoyaona na kuyasikia. "Hivyo vidonge ni kortizoni, hunenepesha uso na kulaza kinga ya mwili. Imewalaza wale kingamwili wake, wamebaki wachache. Sasa sisi tumewapeleka hao wachache kwa tumbili, ambako gundi wanayoitaka nayo ni chache. Kichache kikatafute kichache, utaona nini?"

"Giza," nilisema.

"Giza. Na si uongo. Ni giza kweli."

Sote wawili tulifahamu maana yake. Karatasi ya hasi ingempeleka Ishraf kwenye harusi yake. Siku ya kuoshwa angeviacha vidonge vyote kwa mara moja, baada ya miezi miwili na zaidi, na mwili uliozoea kulishwa dawa hiyo hauwezi kunyang'anywa ghafla. Mtu huanguka, na wengine hawainuki. Ugonjwa nao ungeamka bila kizuizi, katika nyumba ya watu wasiomjua, na yeye akiwa na karatasi mkononi inayosema hana kitu. Njia zilizobaki zilikuwa mbili. Kulikuwa na kipimo kingine Tunis, mji mkuu, lakini majibu yake huchukua wiki tano. Kulikuwa na kile kipande cha uzi wa buluu.

Alikitoa. Kilikuwa na umri wa miaka mitatu, kimekauka pembeni na kuingia ufa. Tulihitaji tando tatu zilizo nzima: moja kwa damu ya mgonjwa tunayemjua, moja kwa damu ya mtu mwenye afya, na moja kwa Ishraf. Alikibandika kwenye kishikio, akangoja kigande, akashika gurudumu.

Utando wa kwanza ulipasuka kwenye ule ufa. Wa pili ukajikunja kama karatasi ya sigara. Alipangusa kisu kwa brashi, akapuliza vidole, akaanza tena. Wa tatu ulilala vizuri, akaupokea kwa kioo kana kwamba anapokea chozi. Wa nne ulikuwa mzima. Wa tano ulichanika.

"Pumzika kidogo, Khalti," nilisema.

"Nikipumzika kitayeyuka."

Kwenye kishikio hakukuwa na nyama ya kukata mara mbili tena. Alizungusha polepole sana, midomo imebana, na utando wa sita ukatoka ukiwa na pengo upande mmoja, lakini katikati ulikuwa mzima. Aliweka gurudumu kwenye kufuli na kuushusha mkono wake mapajani kwa kutumia mkono wa pili.

Mimi ndiye niliyedondosha maji ya damu. Nusu saa, kuosha, dawa ya kung'aa, nusu saa nyingine, kuosha tena. Muda huo yeye aliutumia kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Katika chumba cha giza aliangalia kwanza, kisha akanipisha.

"Unaona nini?"

"Nyavu." Zilikuwa hafifu, kama mstari wa chaki uliofutwa, lakini zilikuwepo.

"Wapi?"

"Juu. Tabaka za juu tu. Chini hakuna."

"Na ile ya mtu wa afya?"

"Giza tupu."

Alikaa kwenye kigoda. Sikumwona uso, na nadhani alipenda iwe hivyo. "Nilikuwa naomba iwe giza," alisema. "Miaka yote hii sijawahi kuomba kitu humu ndani."

Aliandika mistari miwili kwa mkono wake: umio wa tumbili, hasi, umio wa simbilisi, chanya, hafifu, tabaka za juu. Hilo lilikuwa jambo la kazi, na hakuna ambaye angemlaumu. La vidonge halikuwa na mahali pake katika fomu. Kwetu aliyeingizwa chumbani kwa mwali hatoki na habari za ndani, na Khalti Nejia aliijua desturi hiyo kuliko mimi. Alisimama mbele ya simu kwa muda, akampigia Daktari Wassila, akamwambia yote: dawa, idadi, mwezi, na siku iliyopangwa kuviacha. Daktari aliwapigia nyumbani papo hapo.

Hniya alifika kabla ya adhuhuri, akiwa bado na vipande vya sufu kwenye nguo. Hakuingia, alisimama kwenye ujia mbele ya mlango wetu, na sauti yake iliwatoa watu hata chumba cha eksirei.

"Umeingia nyumbani kwangu, Nejia, ukala bsisa yangu, ukatoka na siri ya binti yangu ndani ya mfuko wa koti."

"Ndiyo."

"Ndiyo? Ndiyo tu?"

"Nikudanganye, Hniya?"

"Daktari ameniambia mwenyewe kuna jibu jingine. Tumbili kasema hana kitu! Hukutosheka, ukamtafuta mnyama wa kumshitaki mwanangu. Na huyo naye angekataa ungefika kwa ngamia!"

Mtu mmoja kule nyuma alicheka. Khalti Nejia hakumgeukia.

"La tumbili ni kweli au si kweli?" Hniya aliuliza.

"Ni kweli."

"Basi niandikie hilo. Mama mkwe kaomba ukweli, mpe mmoja, unamtosha. Hata mimi kwenye ndoa yangu nilipewa mmoja tu."

"Akiviacha ghafla siku ya kuoshwa, siku ya tatu hatasimama," Khalti Nejia alisema. Alizungumza taratibu, kama anayemsomea mtu mwongozo. "Ngozi nayo itafumuka. Itamfumukia kwa watu, Hniya, siyo kwako."

"Utajuaje? Wewe ni nabii?"

"Niliwahi kuletewa damu ya mmoja. Mama yake ndiye aliyeileta, kwa sababu mwenyewe hakuweza kuja. Alikuwa na siku tisa za ndoa."

Hniya alifungua mdomo, na wakati huo watu wa mlangoni wakasogea pembeni. Ishraf alikuwa anakuja katikati ya ujia. Alikuwa amevaa gauni la nyumbani na kandambili, na uso wake haukufunikwa na kitu. Alikuwa ametembea hivyo kutoka mtaani kwetu hadi hospitali, mwali, jua likiwa utosini.

"Mungu wangu!" Hniya alivua mtandio wake mwenyewe akamrushia usoni. "Umepita sokoni hivyo? Wamekuona?"

Ishraf aliutoa mtandio, akaukunja, akamrudishia mama yake. "Uliacha simu kwenye kipaza sauti, mama. Nimesikia yote aliyosema daktari." Akamgeukia Khalti Nejia. "Nataka kuona."

Wagonjwa hawaruhusiwi kuingia kwetu. Khalti Nejia ndiye aliyenikemea mara tatu kwa kusahau kufunga mlango huo. Aliufungua, akamshika Ishraf mkono, akamwongoza hadi chumba cha giza na kumkalisha. Mimi niliwasha taa ya hadubini. Hniya alibaki nje.

"Fumba jicho moja. Subiri kidogo, litazoea."

"Naona kama sega la nyuki," Ishraf alisema baada ya muda. "Hii ndiyo mimi?"

"Hapana. Nyama ni ya simbilisi. Wewe ni huo ukijani."

"Mbona mdogo hivi?"

"Vidonge vimeulaza."

"Na nikiviacha?"

"Ukijani huo utaamka."

Ishraf hakuondoa jicho. "Na nikija kulala hapa kwenu?"

"Utapewa dawa hiyohiyo kwa kipimo cha daktari, na nyingine pamoja nayo, halafu utapunguziwa kidogo kidogo. Wiki mbili, tatu. Baadaye utakuwa unakuja kila mwezi."

"Kwa muda gani?"

"Miaka."

"Mingapi?"

"Sijui, mwanangu. Ningejua ningekwambia."

"Inaambukiza?"

"Hapana. Hata kidogo. Hata ukilala naye shuka moja."

"Hilo mtaliandika?"

"Daktari ataliandika, nami nitamkumbusha."

Alitoka, na alipofika mwangani macho yake yalikuwa mekundu. Huenda ilikuwa ile taa. Hniya alikuwa ameegemea ukuta. Watu walikuwa wameondoka, maana hakukuwa tena na ugomvi wa kutazama.

"Mama, nenda kaniletee nguo."

"Nguo gani?"

"Za kulalia. Na vile vidonge vilivyobaki, vilete vyote, daktari anavitaka."

"Ishraf, wiki tatu tu. Watu wamekwisha kualikwa. Tutaviacha polepole nyumbani, mimi mwenyewe nitakupimia..."

"Nenda mama."

Hniya alimtazama binti yake, kisha akajifunga mtandio vizuri, mara mbili, kama anayekwenda safari. Alipompita Khalti Nejia hakupunguza mwendo. "Tangu leo usinisalimu," alisema.

"Sawa," Khalti Nejia alijibu.

Kitanda cha wodini kilikuwa hakijaandaliwa. Ishraf alikaa kwenye benchi la ujia, na Khalti Nejia, ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi kuonekana amekaa kwenye benchi hilo, akakaa karibu naye. Niliwapelekea maji. Ishraf alitoa simu.

"Lazhar? Ni mimi... Niko hospitali. Hapana, nisikilize. Nalazwa... Ngozi. Ileile... Haiambukizi, wamesema wataandika... Sijui. Miaka." Alisikiliza muda mrefu, akiuchezea ukingo wa gauni lake. "Haya," alisema. "Haya, Lazhar." Akaizima simu na kuilaza mapajani kifudifudi.

Khalti Nejia alimsogezea maji.

"Amesema atanipigia," Ishraf alisema mwenyewe. "Akishaongea na mama yake."

"Mm."

"Wewe ulipoolewa, Khalti, walikuuliza chochote?"

"Waliniuliza kama najua kufuma. Nikasema najua."

"Ulikuwa unajua?"

"Kidogo sana."

Ishraf alitaka kucheka, lakini mashavu yale mazito hayakumtii vizuri. Aliegemeza kichwa ukutani. Mwendo wa juani na dawa za miezi miwili vilikuwa vimemchosha kupita umri wake, na haukupita muda akalala, mdomo wazi kidogo, kandambili moja imemdondoka. Niliporudi saa nane kuuliza kama nianze kuosha vyombo, Khalti Nejia aliinua kidole kunizuia nisiseme kwa sauti. Yeye hakuwa amelala, lakini hakuwa na dalili ya kuinuka. Alikuwa anatazama mlango mkubwa, ambako Hniya alikuwa hajatokea bado.